Mwanamke wa Ngazini

Katika sinema ya Marigold, jijini Los Angeles, kulikuwa na desturi ambayo mgeni akiikuta kwa mara ya kwanza alidhani ukumbi mzima umeingiwa na wazimu. Filamu ni Taa ya Ngazini, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Humo karani wa duka la rehani ameshamuua tajiri wake na anapanda ngazi za kilima cha Bunker Hill akihema, damu mbichi kwenye pindo la mkono wa shati. Mwanamke mwenye koti jeupe na sanduku anampita akishuka. Karani anamwona uso. Sisi tuliokaa vitini tunaona mgongo tu. Mwanamke anashuka, anashuka, na anapofika chini ya taa, watu wote wanapaza sauti kwa pamoja: "Geuka!"

Hageuki. Picha inaruka kidogo, na tayari tuko chumbani kwa karani, anaosha mikono. Watu wanacheka, wanarudi kwenye bisi zao, na kuanzia hapo karani hana raha tena. Kila koti jeupe mtaani linamkata maini. Anaua mara ya pili kwa hofu ya kutajwa na mtu ambaye hata jina lake halijui, na mwisho anajipeleka mwenyewe mikononi mwa polisi. Yule mwanamke haonekani tena. Hakuna ajuaye kama aliiona ile damu au alikuwa akiwaza mambo yake.

Wapo wasomi wanaoandika kwamba sinema hizi za gizani zinapendwa mpaka leo kwa ajili ya kofia, moshi wa sigara na wanawake wenye midomo iliyokolezwa rangi. Na waandike. Nadine Kostelnik hakuwa na haja na kofia. Alikuwa ameitazama Taa ya Ngazini kila mwaka tangu utotoni, mwezi wa Januari mvua zinapoanza, kwa sababu moja tu ambayo hakupata kumwambia hata mumewe. Yule mwanamke alikuwa mama yake.

Verna Kostelnik aliondoka nyumbani Nadine akiwa na miaka mitano. Walikuwa wamepanga vyumba viwili katika nyumba kuukuu huko huko Bunker Hill, na mtoto alisimama dirishani akamtazama mama yake akishuka ngazi asubuhi, koti mwilini na sanduku mkononi, bila kwaheri ya maana. Hakugeuka. Kwa majuma kadhaa mtoto hakula vizuri. Alishinda pale pale dirishani, na kila mtu akitokea chini aliuliza kama ni yeye. Baba yake, Emil, alikuwa mwendesha mitambo ya kuonyeshea filamu huko Marigold, mtu wa maneno machache na mikono safi. Siku moja alimchukua mpaka kwenye chumba cha mitambo, akamsimamisha juu ya kreti ya soda, akamwelekeza kwenye kidirisha kinachotazama ukumbini.

"Mwone yule anayeshuka," alimwambia. "Ni mama. Amepata kazi ya sinema. Ukimtaka, yupo hapa."

Nadine alibandika uso kwenye kioo. Ngazi zilikuwa zile zile za kwao, na koti lilikuwa koti, na sanduku lilikuwa sanduku. Mwanamke alipofika kwenye taa, mtoto alipiga kelele kwa nguvu zake zote, "Mama, geuka!" mpaka ukumbi mzima ukamsikia na kuangua kicheko. Juma lililofuata alipiga tena, na mtu mmoja huko chini akamsaidia. Desturi ya Marigold ilianzia hapo. Ukimtoa Nadine mwenyewe, waliojua chanzo chake walikuwa wamekwisha kufa wote, isipokuwa mmoja.

Nyumbani ilibaki picha moja ya Verna, ya siku ya harusi: uso mrefu mwembamba, mwanya kati ya meno ya mbele. Picha ilikuwa na uso usiotembea, filamu ilikuwa na mwendo usio na uso, na Nadine alikua akiviunganisha viwili hivyo kichwani mpaka akapata mama mzima. Alijifunza hata kutembea kwake, bega la kulia limeshuka kidogo kwa uzito wa sanduku. Enzi za ndoa yake, mumewe alizoea kumtania: "Wewe tukienda kununua mkate tu unatembea kama umeshaniacha." Alimwacha kweli baadaye, lakini hiyo ni hadithi nyingine na haina utamu wowote.

Jiji lilivunja nyumba za Bunker Hill, likachonga kilima na kupandisha maghorofa ya vioo. Ngazi nazo zilikwenda na vifusi. Tangu hapo watu wa kilimani waliosambaa huku na huko hukutana Marigold kila Januari, wazee kwa fimbo zao, na filamu ikianza wanaanza na wao. "Pale, kinyozi wetu!" "Mlango ule, kwa shangazi Hortense!" Karani anaua mtu na wao wanatafuta kamba za nguo za mama zao nyuma ya mabega yake. Kelele za aliyeuawa hawazisikii.

Mwaka huo, kwenye dirisha la tiketi, Nadine alikuta tangazo jipya. Lilisema nakala ya zamani ya Marigold imesinyaa na haipiti tena kwenye mtambo. Hifadhi ya filamu ya jiji imepata negativu yenyewe, ule mkanda wa asili uliopigiwa picha, na kuisafisha, na kwa Jumapili mbili mfululizo filamu itaonyeshwa kamili, pamoja na sekunde za ngazini ambazo hazikuwa kwenye nakala ya Marigold.

Opal Tibbets, aliyekuwa jirani yao enzi za kilimani, alimpiga kikumbo cha furaha. "Shoga, umesoma? Kumbe anageuka! Miaka yote mimi nakauka koo, geuka, geuka, na mwenzangu alishageuka zamani, sisi ndio hatukuonyeshwa!"

"Labda si yeye," Nadine alisema, basi tu aseme kitu.

"Nani tena? Yupo mmoja pale ngazini, na mimi namsubiri. Nataka nione kama ana uso wa kumlaza mwanamume macho namna ile."

Nadine alirudi nyumbani hajui amepita njia gani. Atamwona mama yake akigeuka. Si kwenye karatasi. Atageuza shingo, atapepesa macho, labda atatabasamu na mwanya utaonekana, na itakuwa kana kwamba amegeuka asubuhi ile na kumwona mtoto dirishani. Kitu hicho Nadine alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kupewa au kunyimwa, na sasa kilikuwa na tarehe na saa.

Jumamosi alikwenda kwa Mjomba Rubén. Rubén Archuleta hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa msaidizi wa Emil kwenye mitambo ya Marigold tangu akiwa kijana, na Nadine alimwita mjomba kabla hajajua maana ya neno lenyewe. Alimkuta jikoni akipika menudo, ile supu yake ya utumbo, jiko zima linanuka pilipili na ndimu.

"Mjomba, umesikia? Wameipata yote."

"Nimesikia."

"Atageuka."

Rubén alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Kesho mvua kubwa, wamesema. Kaa na mimi hapa. Tutakula, tutacheza karata, nitakuibia kama kawaida."

"Mjomba! Nina miaka sitini na tatu. Nimeungoja uso ule tangu nina mitano. Unaniletea habari za karata?"

"Nakuletea habari za magoti yako na mvua."

"Magoti yangu hayajakuomba ushauri."

Siku nyingine angecheka mpaka akohoe. Safari hii alipunguza moto, akakaa, akajifuta mikono kwenye suruali. "Binti yangu, hawa watu wa hifadhi wana sabuni kali. Wanasafisha kila kitu. Mimi nasema filamu ya zamani iachwe na mikwaruzo yake. Watu wameizoea hivyo, wameipenda hivyo."

"Unaogopa nini wewe?"

"Uzee," alisema Rubén, lakini alisema akitazama sufuria. "Haya, ukienda, nitakwenda na wewe."

Jumapili mchana mvua ilinyesha kweli. Nadine alikuwa ametengeneza nywele na kuvaa hereni, na Opal akamuuliza kama anatarajia mchumba. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mwanamke wa hifadhi, Bibi Halloran, alipanda jukwaani na kuzungumza kwa ufupi, Mungu ambariki. Alisema filamu za namna hii wazazi wetu waliziona ni za kupitisha wakati tu, na sasa watoto wao wanazijazia ukumbi siku ya mvua, na yeye hajapata jibu kwa nini. Kisha taa zikazimwa.

Ilikuwa safi ajabu. Mikwaruzo yote ilikuwa imekwenda, na wazee wakashusha pumzi walipoona mawe ya mitaa yao yamelowa, majina ya maduka yanasomeka, paka ukutani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. "Paka wa akina Delacroix!" mtu alilia, na alilia kweli, kwa machozi. Nadine hakuona paka. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. Karani alimuua tajiri. Karani alitoka. Karani alianza kupanda ngazi.

Koti jeupe likatokea.

Lilishuka kama lilivyoshuka maisha yake yote, bega la kulia chini kidogo, kisigino cha kushoto kikisita kila baada ya ngazi mbili. Nadine alikuwa akizijua hatua zile kuliko za kwake. Watu walianza kucheka kwa kungoja. Mwanamke alipofika kwenye taa ukumbi ulipiga ukelele ambao Marigold haikuwahi kuusikia, wazee na vijana, "Geuka!" na Nadine mdomo wake ulifunguka bila ruhusa yake. "Mama," alisema.

Picha haikuruka. Mwanamke alisimama. Alihamisha sanduku mkono wa pili, akainua kichwa, akageuka.

Alikuwa msichana wa mashavu mviringo, vishimo viwili vya kucheka, meno yamepangana bila nafasi hata ya uzi. Alimtazama karani kule juu jinsi mtu anavyomtazama jirani asiyemjua sana, akamwinamishia kichwa kwa adabu, akatabasamu. Akageuza mgongo tena na kwenda zake. Hakuwa ameona damu yoyote.

Opal Tibbets akasema kwa sauti, "Ala! Kumbe hakuona kitu!" na watu wakaanza kupiga makofi na kuongea wote pamoja, maana filamu waliyoijua maisha yao yote ilikuwa imegeuka mbele ya macho yao. Karani alikuwa ameua mara ya pili na kujiangamiza kwa ajili ya msichana aliyemwinamishia kichwa tu.

Nadine hakupiga makofi. Alimchukia yule msichana na vishimo vyake kwa chuki safi, ya kitoto, ambayo hakujua bado anayo. Halafu chuki ikaisha na hapakubaki kitu. Alikaa pale mpaka mwisho, akimtazama karani akikimbia huku na huko kwa ajili ya mtu aliyejitungia mwenyewe kichwani, na alimwonea huruma. Mkono wa Rubén ulikuwa juu ya mkono wake. Hakujua uliwekwa saa ngapi.

Watu walipotoka walibaki wao wawili kwenye kochi la ukumbi wa mbele, chini ya picha za waigizaji waliokufa.

"Ulijua," Nadine alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeishika filamu na Emil akakata." Rubén alitazama viatu vyake. "Siku nakala ilipofika tulikuwa tunaipitisha kwenye mtambo, kuikagua tu. Baba yako akaniita. Akasema, Rubén, hebu njoo, si Verna huyu? Nikatazama. Nikamwambia, ndiye. Kwa mgongo alikuwa Verna mtupu, koti, mwendo, kila kitu. Tukasimama pale wanaume wawili hatupumui. Kisha yule msichana akageuka."

Nadine alimgeukia mzee.

"Baba yako alizima mtambo. Alikaa kwenye kile kiti chake muda mrefu, mimi nikajifanya nafagia. Halafu akasema, mtoto hali chakula. Akachukua mkasi. Emil unamjua, alikuwa anaunga filamu iliyokatika huku anapiga mluzi. Siku ile hakupiga mluzi, na filamu nikamshikia mimi. Akaunga kwa gundi, akaipitisha tena, ikaruka kidogo tu. Kile kipande tulikichoma uani, kwenye kopo. Filamu za zamani zile, zinawaka kama baruti. Kikaisha kabla hatujasogea."

"Mkanidanganya maisha yangu yote."

"Ndiyo."

"Nimeiga mwendo wa kibarua wa siku moja, mjomba. Mpaka leo natembea kama yeye!"

"Ulianza kula," Rubén alisema kwa upole. "Jioni ile ile ulikula maandazi matatu, ukaomba la nne. Mimi sikuweza kumwambia Emil amekosea, na sitamwambia leo." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Na sijui alikata kwa ajili ya nani. Kila mwaka filamu ikifika pale alikuwa anasogea kidirishani, anaacha kazi zake zote, anamtazama akishuka. Usidhani wewe ndiye pekee uliyekuwa unakuja kumwona."

Nadine aliinuka na kutoka kwenye mvua bila kufungua mwavuli. Alikuwa na hasira na baba yake ambaye ameshakufa, na hasira ya namna hiyo haina pa kuipeleka.

Juma lile lilikuwa baya. Alijaribu kutembea kwa mwendo wake mwenyewe na akagundua hana mwingine. Akinyoosha bega alipepesuka. Alitoa picha ya harusi akaiweka juu ya meza ya jikoni, akaitazama kwa muda mrefu, na hapo ndipo alipolia. Uso ule mrefu uliokuwa ukishuka ngazi kila Januari sasa ulikuwa umekaa tu kwenye karatasi. Alijaribu kufumba macho na kuuona ukitembea, na kila mara koti jeupe lilipofika kwenye taa, lilikuwa na vishimo mashavuni. Mama yake aliyeondoka mara moja kilimani alikuwa ameondoka tena, na safari hii hapakuwa na Emil wa kumwambia yupo wapi.

Rubén alipiga simu kila siku. Siku ya tano Nadine alipokea.

"Jumapili nakwenda," alisema Nadine kabla hajasalimiwa.

"Kufanya nini tena?"

"Kutazama filamu. Si ndiyo kazi ya sinema? Njoo unichukue, na ulete karata, nina hamu ya kukufilisi."

Alimsikia mzee akivuta pumzi upande wa pili. "Nitakuja mapema," alisema.

Jumapili ya pili hapakuwa na mvua na watu walikuwa zaidi. Habari ilikuwa imesambaa kwamba mwanamke wa ngazini anageuka, na Opal alikuwa amekuja na nusu ya kanisa lake, akiwaeleza safu nzima nini cha kungoja na wakati gani. Hereni za Nadine zilikuwa nyumbani. Alikaa kiti chake, Rubén upande wa kushoto, na taa zikazimwa.

Karani aliua. Karani alipanda. Koti jeupe likatokea, bega la kulia chini kidogo, kisigino cha kushoto kikisita kila baada ya ngazi mbili. Safari hii hakuna aliyepaza sauti. Ya nini? Wote walijua atageuka, na walikaa kimya wakitabasamu gizani, wameinamia mbele, wakimngoja msichana wao mpya. Ukimya ule ulimuuma Nadine kuliko alivyotarajia. Tangu akiwa juu ya kreti ya soda, ngazi zile hazijawahi kushukwa bila mtu wa kumwita mama yake.

Ngazi tatu zilibaki kabla ya taa. Zikabaki mbili.

"Usigeuke," alinong'ona.

Rubén alimsikia, lakini aliendelea kutazama mbele. Mwanamke alifika kwenye taa, sanduku mkononi, na Nadine akafumba macho. Alijua afumbe kwa muda gani. Baba yake alikuwa ameupima kwa mkasi zamani. Alisikia watu wakishusha pumzi kwa raha, akamsikia Opal akisema, "Huyo!", akaendelea kufumba.

Alipofumbua, karani alikuwa chumbani kwake akiosha mikono, na mama alikuwa ameshapita.